Mpira wa Umeme Dukani kwa Mzee Nassoro

Vijana wa karakana mmeniomba niandike, ingawa mnajua mikono yangu imezoea bisibisi kuliko kalamu. Nimestaafu tangu mvua za mwaka huu zilipoanza, kwa sababu macho yamechoka kutafuta miguu ya chipu. Hamkuuliza habari za mishahara, nami nashukuru, maana hapo hakuna la kusimulia. Mliuliza jambo moja tu. Siku ile mwenye kibanda cha gemu cha Kizwite alipoleta pleisteshini iliyojaa mende, nikawaambia muanze upande wa feni, mkatazamana. Mmoja wenu akasema, "Bibi Sesilia, gemu umezijulia wapi?" Nikajibu kwamba nilikuwa nikiuza mashine za gemu Ujerumani kabla hamjazaliwa. Mkacheka. Basi someni.

Siwezi kuanzia Ujerumani, kwa sababu kule nilipelekwa na kazi niliyojifunza hapa hapa Sumbawanga.

Nyumbani ni Mpui. Wazazi wangu walilima mahindi na ulezi, na wakati wa vijiji vya ujamaa tulihamishiwa kando ya barabara pamoja na majirani wote. Nilipomaliza shule ya ufundi ya misheni nilikuja mjini kutafuta kazi. Mzee Nassoro alikuwa na duka na malori mawili yaliyokwenda Kasanga kuchukua samaki wakavu na mizigo ya ziwani. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha kutengeneza redio, na mwenye chumba hicho, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa Fundi Leonard.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Onyesha mikono."

Nikaonyesha. Akaigeuza, akatazama sugu za jembe. "Vizuri," akasema. "Mikono laini hutetemeka."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Siku ya kwanza nilisafisha redio moja kuanzia asubuhi hadi tulipofunga. Mwenyewe aliiweka juu ya gunia la mahindi, fukusi wakahamia ndani. Fundi Leonard hakuniruhusu kugusa chuma cha kulehemu, ambacho tulikipasha moto kwenye jiko la mkaa kwa sababu umeme wa mji ulikuja ulipotaka. Alinifundisha kunusa. "Usifungue kitu kabla hujakinusa," alisema. Transfoma iliyoungua ina harufu yake, mawe ya redio, yaani betri, yaliyovuja yana yake, na panya aliyejisaidia juu ya spika, hiyo hata mteja huinusa. Nanyi mnapenda kuchomeka kipimo kabla ya kuvuta pumzi. Nuseni kwanza.

Vipuri havikuwepo. Redio iliyokufa kabisa hatukuitupa. Tuliifanya shamba, tukavuna humo volyumu, nyaya na skrubu kuponya nyingine. Fundi Leonard alijua kila redio ya uwanda huu kwa sauti. Mtu akipita barabarani na redio begani, yeye bila kuinua kichwa husema, "Hiyo spika yake imepasuka, wiki ijayo italetwa." Na ililetwa.

Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa. Hakunisifu hata siku moja, ila alianza kuniachia redio ngumu na kwenda kunywa chai. Kwa mtu kama yeye, hizo zilikuwa sifa.

Kisha parokia moja ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na urafiki na misheni yetu, ikatoa nafasi ya fundi mmoja kwenda kujifunza vyombo vya umeme. Kila mtu alijua nafasi ni ya Fundi Leonard. Lakini wenye nafasi walitaka kijana, na aliyepita shule ya misheni. Nikachaguliwa mimi. Siku nilipomwambia, alikuwa anapuliza vumbi ndani ya redio. Aliendelea kupuliza.

"Nenda," akasema mwishoni. "Ukirudi utatufundisha." Niliichukua kama baraka. Nilikuwa binti mdogo. Sikusikia kilichokuwa chini ya maneno yale.

Walinipeleka kwenye duka kubwa la ghorofa katika mji mmoja wa viwanda. Karakana ilikuwa chini ya ardhi, nasi tuliokuwa humo hatukuona jua la majira ya baridi, ila sikukosa kitu, maana lilikuwa jua la jina tu. Baridi ya Ufipa niliyodhani imenizoeza ilikuwa mzaha. Nilijifunza televisheni, na nilipoanza kuelewa Kijerumani wakanipandisha ghorofani nisaidie kwenye meza ya mashine za michezo. Zilikuwa mpya kabisa. Unachomeka kisanduku kwenye antena ya televisheni, unapata kitone cheupe na vijiti viwili. Kila mchezaji anazungusha kitufe chake, kijiti kinapanda na kushuka, kitone kinarudishwa. Basi. Ndiyo iliyokuwa gemu.

Mwenye meza alikuwa Bi Lindner, mama mfupi aliyevaa miwani kwenye mnyororo. Ndiye aliyenifundisha kuuza, na ukali wake ulinikumbusha nyumbani. Siku ya kwanza nilimweleza mteja jinsi mashine inavyofanya kazi ndani, mpaka mteja akaondoka. Bi Lindner akaniambia, "Sesilia, huyo hakuja kununua waya. Usimuulize anataka mashine gani. Muulize atacheza na nani."

Nikaanza kuuliza, nikaanza kuona. Wajerumani wananunua kwa mpango. Majira ya joto meza yetu ilikuwa kaburi, kwa sababu watu walikuwa bustanini kwao. Majani yakianza kuanguka wanakuja kutazama tu, wanashika, wanauliza dhamana, wanakwenda zao. Karibu na Krismasi wanarudi na kijikaratasi kilichoandikwa na mtoto, na hapo tulisukumana kama mnadani. Swali lao kubwa halikuwa raha ya mchezo. Waliuliza, "Haitaharibu kioo cha televisheni?" Na lilikuwa swali zuri, maana ukiacha vile vijiti vimesimama kutwa nzima, kivuli chake kinabaki kwenye kioo. Baba mtu husema ananunulia watoto. Mimi niliwaona akina baba hao wakijaribu mashine pale mezani huku watoto wao wakivuta koti wakilia waende nyumbani.

Baada ya Krismasi mashine zilirudi kwa wingi karakanani, zikisemekana ni mbovu. Nyingi zilikuwa nzima. Televisheni ndiyo haikuwekwa kwenye chaneli yake. Wajerumani wanasoma kitabu cha maelezo chote kabla ya kuchomeka waya, isipokuwa ukurasa wa chaneli. Sijui kwa nini.

Walicheza Jumapili alasiri, baada ya kahawa na keki, na walicheza kimya. Televisheni ilikuwa moja nyumbani, kwa hiyo babu aliyetaka taarifa ya habari aliheshimiwa, mchezo ukazimwa. Wanafunzi wasio na mashine walikuja dukani wakitoka shule, wakapanga foleni kwenye ile ya kuonyeshea bila mtu kuwaambia. Bi Lindner aliwaacha. "Hawa hawanunui leo," alisema, "lakini wana midomo."

Kesi ngumu kule ilikuwa ya Mzee Krause. Alikuwa mjane, mstaafu wa reli. Alileta mashine akasema imekufa. Nikaipima, nzima. Akaenda nayo, akairudisha. Nikabadilisha waya ingawa haukuwa na kasoro, akaenda, akairudisha tena. Mafundi wa chini walianza kumcheka. Safari hiyo nikamuuliza lile swali la Bi Lindner.

"Mzee, unacheza na nani?"

Akatazama vifundo vya vidole vyake. "Ina vitufe viwili," akasema. "Mimi nashika vyote. Mkono wa kulia unashinda kila siku."

Nikamtazama Bi Lindner. Yeye akatazama saa ya ukutani, akasema duka limepoa, nikamwonyeshe mteja jinsi ya kutumia chombo chake. Tukacheza. Alinifunga vibaya sana. Tangu hapo alikuja asubuhi ambazo hakuna wateja, akivaa tai. Alikuwa na kelele za ushindi ambazo sikuwahi kuzisikia kwa Mjerumani mwingine, na ndiye aliyeninyooshea Kijerumani changu.

Mafunzo yalipokwisha alikuja na sanduku mkononi. "Chukua," akasema. "Huko kwenu nasikia kuna watu." Karakana nayo ikanipa televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotupwa, nikaitengeneza mwenyewe. Bi Lindner hakunipa kitu. Alinifunga skafu vizuri shingoni, akaniambia nisiwape wateja maelezo marefu.

Dar es Salaam, ofisa wa forodha aliitazama televisheni kama anayetazama jokofu jangwani. "Utatazama nini, dada? Huku bara hakuna matangazo."

"Ya kuchezea, kaka."

Akacheka mpaka akaita mwenzake. "Mpishe," akasema. "Bila matangazo hili ni sanduku tu." Nikapanda treni hadi Tunduma, kisha lori la mahindi hadi Sumbawanga, televisheni mapajani imefungwa kanga.

Mzee Nassoro alifurahi kuliko mimi. Hakuwa na nia ya kuuza mashine, maana hakuna ambaye angeweza kuagiza ya pili, na miaka ile hata sabuni ilikuwa habari. Alitaka watu wapite dukani. Akaiweka juu ya kaunta, na alasiri umeme ukiwepo tuliwasha. Watu waliuita mpira wa umeme. Sijui habari zilifikaje, lakini hata wakulima walioleta ulezi sokoni walipitia kwetu kabla ya kurudi kwao.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Kule wawili wanacheza kimya. Hapa walicheza wawili, na duka zima likafundisha. "Shusha! Shusha, we bwana, unalala?" Mzee wa Kiislamu aliyetoka swala ya alasiri na katekista wa kigango walishika vitufe, mji ukagawanyika pande mbili, halafu wakapeana mikono kama waliotoka kusuluhisha shauri. Hakuna aliyeuliza dhamana.

Mtu mmoja tu hakuigusa. Fundi Leonard alipita nyuma ya kaunta na redio zake, hakugeuza shingo. Nilipomkaribisha alisema, "Mimi ni fundi, si mtoto." Nikamwomba tuifungue pamoja, aone ndani. "Wewe ndiye uliyesomea," akasema. Kazi zilizoletwa na televisheni au mashine yoyote ngeni alinisukumia bila neno. Tukawa tunakaa chumba kimoja kama wapangaji.

Kisha ukaja msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Wazee wenu wanaukumbuka. Wenye maduka walikuwa wakilala na kuamka wakihesabu walichonacho, si kwa furaha. Mzee Nassoro hakuwa ameficha kitu. Lakini asubuhi moja watu wa msako waliingia, wakapita kwenye viberiti na chumvi bila kutazama, wakaenda moja kwa moja kwenye televisheni.

"Huu ndio mtambo?" akauliza kiongozi wao.

"Mtambo gani, ndugu?" Mzee Nassoro akasema. "Huo ni mchezo."

"Tumeambiwa unapokea picha kutoka nje. Hapa hakuna matangazo, sasa picha zinatoka wapi?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza kirefu, kwa maneno ya ufundi, na kila neno lilizidi kutuharibia. Wakamchukua Mzee Nassoro, wakachukua televisheni na mashine. Duka likafungwa. Mkewe, Bi Zaina, alibaki amesimama mlangoni ameshika kobazi za mumewe, maana walimwondoa na ndala za ndani.

Mzee Nassoro alikuwa na umri, na kifua chake kilikuwa kibovu. Baridi ya mahabusu ilikuwa ni ya sakafu tupu. Tulipeleka blanketi na uji, mimi na Bi Zaina, kila siku, na kila siku kikohozi chake tulikisikia kabla ya kumwona. Ilisemekana atapelekwa mkoa mwingine kushtakiwa. Bi Zaina hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ndiye unayekijua kitu hicho. Waonyeshe."

Nikaomba kuonyesha. Ofisa aliyeshika shauri lile, mtu mpole aliyechoka, akakubali. Asubuhi ya kuonyesha, Fundi Leonard alinifuata kituoni bila kuitwa. Mzee Nassoro aliletwa akaketi kwenye benchi na blanketi lake. Nikachomeka nyaya. Kioo kikawaka, lakini kikajaa theluji tupu. Hakuna kitone, hakuna vijiti.

"Mchezo uko wapi?" akauliza ofisa.

Jasho likanitoka na baridi ile. Nikazungusha chaneli, hola. Nikajua wameidondosha katika kubeba, ila sikujua wapi pamekatika, na hata kunusa nilisahau. Fundi Leonard akaja nyuma yangu. Akainama juu ya mashine, akanusa.

"Haijaungua," akasema taratibu. "Ni waya tu. Fungua chini."

Nikafungua. Waya wa antena ulikuwa umechomoka kwenye lehemu yake. Aliukandamiza pale kwa ukucha wake, nami nikawasha. Kitone kikapita kwenye kioo, kikagonga kijiti, kikarudi.

Ofisa alitazama kwa muda. Akashika kitufe kimoja, akakizungusha, kijiti kikapanda. "Na hili ndilo lote?"

"Ndilo lote, afande."

"Sasa nani alianza kusema ni mtambo wa nje?"

Fundi Leonard bado alikuwa ameushika ule waya. Kidole chake hakikuondoka.

"Nilisema mimi," akasema. "Kilabuni. Sikumpelekea mtu taarifa. Nilikuwa nimelewa pombe ya ulezi, nikasema huyu binti ameleta mtambo unaovuta picha za Ulaya, na mwenye duka anatajirika nao. Nilijua si kweli. Nimefanya kazi kando yake, nilijua."

"Kwa nini ulisema?"

Akasema, "Kwa sababu watu walikuwa wanausifu."

Sikuweza kumtazama. Mzee Nassoro alikohoa ndani ya blanketi.

Mzee Nassoro aliachiwa baada ya siku chache, ikabidi alale hospitali kwanza kwa ajili ya kifua. Mashine tulirudishiwa, televisheni haikurudi, na hatukwenda kuiulizia. Duka lilipofunguliwa, kiti cha Fundi Leonard kilikuwa kitupu. Alikuwa ameteremka Kasanga, anatengeneza redio za wenye maboti chini ya kibanda cha mabati.

Nilibaki peke yangu na foleni ya redio. Nilikuwa na hasira naye, na nilimkosa, na vyote viwili vilikuja kila nilipofungua kitu na kukinusa. Nilitambua kwamba katika safari yangu yote sikumuuliza kama angependa kwenda yeye. Si kwamba ingebadili kitu. Wakubwa walishaamua.

Mwaka uliofuata Mzee Nassoro akaniambia nipande lori la Kasanga, naye atakuwemo. Nilidhani tunafuata samaki. Tulimkuta Fundi Leonard amechakaa kwa joto la ziwani, jasho linadondoka juu ya redio aliyoifungua.

"Redio za watu zimejaa," Mzee Nassoro akamwambia baada ya salamu. "Binti hawezi peke yake."

"Mzee, mimi ndiye niliyekufungisha."

"Na ndiye uliyenifungua. Ungenyamaza pale, ningekwenda mbali."

"Nisingesema kilabuni, usingeingia kabisa."

"Hilo nalo ni kweli," Mzee Nassoro akasema. "Bado nina hasira nawe. Lakini nitakuwa nayo hata ukikaa huku, na redio hazitapona. Panda."

Akapanda. Njia nzima ya kupandisha mlima hakuna aliyezungumza, mpaka hewa ya Ufipa ilipoanza kuingia dirishani na Fundi Leonard akaomba koti.

Wiki ile ile tuliichukua mashine ya Mzee Krause, isiyo na kioo cha kuchezea, tukaamua kuivuna. Nilidhani nitasikitika. Lakini volyumu zake mbili, zile za vitufe vya kuchezea, zilikuwa nzuri kuliko zozote tulizopata miaka ile, na kulikuwa na redio mbili zinazozisubiri. Fundi Leonard alikaa karibu nami, akauliza kila kitu kinafanya nini, nami nikajibu kwa kifupi. Transfoma, tukaweka kando. Nyaya, kando. Mwishoni kikabaki kidude kimoja cheusi chenye miguu mingi.

"Na hiki?"

"Hiki ndicho mchezo wenyewe, Fundi. Kitone, vijiti, hesabu ya magoli, vyote vimo humo."

"Kifungue basi, unionyeshe."

"Hakifunguki."

"Kule mlikuwa mnakitengenezaje?"

"Hatukuwa tunakitengeneza. Kikifa kinatupwa, kinawekwa kingine. Hata mimi sijui kilichomo. Na mafundi wa kule karakanani hawakujua."

Akakiinua, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza juu chini. Akakinusa.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani walikuonyesha ndani."

"Hawakunionyesha."

Akaanza kucheka, kidogo kidogo, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kutoka kwake, mpaka Bi Zaina akachungulia kutoka dukani kuuliza kuna nini. Fundi Leonard akapangusa macho, akakiweka kile kidude cheusi dirishani, akavuta redio ya kwanza kwenye foleni na kuiweka katikati yetu.